Mbegu za papai bwawani
Jamani wafugaji wa sato, nimekoma. Niliambiwa mbegu za papai ukizikausha, ukazisaga na kuchanganya kwenye chakula, unapata madume matupu. Nikaanika kwenye ungo, nikatwanga, nikachanganya na pumba na dagaa. Ule uchungu! Samaki wanaonja, wanatema. Kosa langu (mganga wa mtaani hakulisema) ni kwamba walishafika urefu wa kidole. Jinsia huchezewa wiki tatu nne za mwanzo tu, kuanzia kiini cha yai kinapoisha tumboni mwa kifaranga. Juzi nimevuta wavu: majike kibao, midomo imejaa mayai. Sasa nawalaza tumbo juu mmoja mmoja kuwatenga: chini ya tumbo dume ana matundu mawili, jike matatu. Mgongo hauna hali.