Kabla ya tamthilia, tazama paa

Jumapili jioni. Ubishi wa wiki hii ni ule ule: tamthilia za Kituruki zinavunja ndoa, habari ya saa mbili ni ya vigogo tu. Mimi naona tunaanzia katikati. Huku Mwanza siasa ya televisheni huanzia juu ya bati, ilipofungwa antena, ndipo ishuke sebuleni.

Hofu kwamba kipindi kinageuza watu vichwa siiamini sana, na sababu yangu ni uchaguzi wa 2010. Star TV ni ya hapa hapa Mwanza. Mwanzilishi wake, Anthony Diallo, alikuwa mbunge wa Ilemela kwa tiketi ya CCM na alishakuwa waziri. Akashindwa na Highness Kiwia wa Chadema. Jirani yake wa Nyamagana, Lawrence Masha, Waziri wa Mambo ya Ndani, naye akaangushwa na Ezekiel Wenje. Watu wa Kirumba, huko huko Ilemela, walitazama walichoonyeshwa, wakaenda kupiga kura walivyojua wao. Kinachoniumiza kichwa mimi ni kile kisichomfikia mtu kabisa.

Mitambo ya analojia ilizimwa Mwanza mwishoni mwa Februari 2013, miezi miwili baada ya Dar es Salaam. Mwezi uliofuata Rais wa China, Xi Jinping, akihutubia Dar es Salaam, akaitaja tamthilia ya Doudou na mama wakwe zake, iliyotiwa Kiswahili na kurushwa TBC, televisheni ya taifa. Rais wa nchi kubwa hataji ugomvi wa mkwe na mkaza mwana bure.

Enzi za chenga, picha mbovu ilikuwa bado picha. Ulimtambua waziri kwa sauti. Dijitali haina huruma hiyo. Mawimbi yakipungua kidogo, picha inakatika vipande, inaganda, kisha kioo cheusi. Na mji wetu ni wa mawe. Mawimbi ya antena hayapindi kona, kwa hiyo nyumba iliyojificha nyuma ya kilima inakosa kila kitu wakati jirani wa juu yake anaona safi. Pandisha antena kwa bomba mpaka ipite paa la mbele. Ukiigeuza, geuza kidogo, kisha usubiri sekunde kadhaa: kisimbuzi huchelewa kukamata, na wengi hupapita mahali penyewe kwa haraka zao. Waya wa antena uwe wa aina ya RG6, usiwe mrefu bila sababu, na kabla haujaingia ndani uushushe kitanzi ili maji ya mvua yadondokee nje. Unyevu wa ziwa unakula konekta. Ikiota kutu ya kijani usiifute, kata na ufunge nyingine.

Dishi ni habari nyingine. La Azam linatazama magharibi, kwa kuwa satelaiti yake ipo longitudo ya nyuzi 7 mashariki na sisi tupo karibu nyuzi 33. La DStv, nyuzi 36, linatazama karibu utosini. Milima haiyasumbui, mvua kubwa ndiyo inayoyazima. Basi wengi wa nyuma ya vilima wakakimbilia dishi, na Agosti 2018 chaneli za bure za ndani zikaondolewa kwenye visimbuzi vya kulipia vya satelaiti kwa hoja kwamba leseni zao haziruhusu kuzibeba. Aliyetaka habari za nyumbani akarudi kutafuta antena na kisimbuzi cha pili. Asiyekuwa na hela akabaki na mpira na Waturuki. Hapo ndipo tunamlaumu kwamba anapenda tamthilia!

Kilichopotea zaidi ni Bunge. Januari 2016 waziri wa habari wa wakati huo, Nape Nnauye, alitangaza kwamba TBC haitarusha tena mijadala yote mubashara, sababu ikiwa gharama. Usiku kungekuwa na kipindi kilichorekodiwa, Leo Katika Bunge. Anayejua kikao kinavyokwenda anajua hasara iko wapi. Swali la msingi hupelekwa mapema, na jibu lake waziri analisoma kutoka kwenye karatasi ya wizara. Utamu uko kwenye swali la nyongeza, pale karatasi inapoishia, na kwenye "mwongozo wa Spika" na "taarifa" zinazomkatiza msemaji. Ukibana saa nyingi ziwe kipindi kifupi, mambo hayo ndiyo mepesi kukatwa, maana hayana mwanzo wala mwisho safi. Karatasi ya waziri inabaki.

Mwaka 2018 wavuvi wa ziwa hili walikuwa wakichomewa nyavu katika Operesheni Sangara, msako wa uvuvi haramu, na wabunge wa Kanda ya Ziwa walilalamika kwa ukali bungeni, mbele ya Waziri wa Mifugo na Uvuvi, Luhaga Mpina. Kwa mtu wa kisiwa cha Ukara hicho kilikuwa kipindi kuliko vipindi vyote. Kukipata kizima alipaswa kufungua Taarifa Rasmi ya Bunge mtandaoni, kurasa kwa kurasa, na mvuvi aliyepoteza nyavu hapakui mzigo huo kwa bando la siku.