DVD za harusi zinaganda: raita imechoka au diski ni mbovu?

Hapa Busia, mpakani mwa Kenya na Uganda, harusi haijaisha mpaka DVD zifike. Vijana hutaka video kwenye flashi au simu, lakini wazee wa pande zote mbili za mpaka bado wana deki sebuleni, na mama wa bibi harusi huweka DVD yake pamoja na albamu ya picha. Ndiyo maana bado nachoma diski kwa raita, kile kifaa cha kompyuta kinachoandika DVD, na kazi hii naithamini. Mtu aliyekukabidhi siku yake kubwa umhifadhie hastahili kupewa diski inayokwama.

Msimu mmoja wa harusi za Desemba, diski zikaanza kurudi. Mama mmoja Msamia alinipigia simu: "Mwanangu, yote yanakwenda vizuri, lakini tukifika kwenye keki picha inakatikakatika, halafu inaganda." Baadaye shemeji yake wa upande wa Kenya akalalamika vilevile, na yeye ilimgandia kwenye keki. Kompyuta yangu ilikuwa imeniambia kwamba diski zote zimechomwa salama.

Fundi wa kompyuta aliposikia tu, akasema, "Bosi, raita hiyo imezeeka, nunua nyingine." Aliyeniuzia diski akasema mji mzima unachukua kwake na hakuna aliyerudisha. Yeyote kati yao angeweza kuwa sahihi, ila hakuna aliyekuwa amepima. Raita mpya ni pesa, na mkebe wa DVD 50 ni pesa pia, kwa hiyo nikaamua kupima mwenyewe kabla ya kutoa hata shilingi.

Nilianza na ile keki. DVD huandikwa kutoka katikati kwenda nje. Harusi ya saa mbili hivi hujaza karibu diski nzima (imeandikwa GB 4.7, lakini Windows itakuonyesha kama 4.37), kwa hiyo matukio ya mwisho hukaa kwenye ukingo wa nje. Nikakumbuka kwamba diski za kwaya za nusu saa nilizochoma kutoka mkebe uleule hazikurudi hata moja. Basi ugonjwa ulikuwa ukingoni.

Ukingo una sababu zake. Ndani ya DVD tupu kuna tabaka jembamba la rangi ya kikemikali ambalo leza hulichoma. Kiwandani rangi hiyo humiminwa karibu na katikati, diski ikazungushwa kwa kasi ili itapakae hadi nje. Kazi ikifanywa ovyo, ukingoni ndiko rangi hukosa usawa. Tena DVD ni vipande viwili vya plastiki vya milimita 0.6 vilivyogandishwa pamoja, na gundi mbaya nayo huonekana zaidi pembeni. Isitoshe, ukichoma kwa spidi ya 16x (mara 16 ya kasi ya msingi), raita nyingi huanza na kama 6x katikati na kufikia 16x mwishoni kabisa. Sehemu dhaifu ya diski ndiyo inayoandikwa kwa haraka kuliko zote.

Hata hivyo sikuweza kuhukumu kwa ukingo peke yake. Raita ambayo leza yake imepungua nguvu, au lenzi yake imekaa upande, inaweza kuharibia palepale. Kinachotoa jibu ni kubadilishana, na hapo sharti ubadilishe kitu kimoja tu kwa wakati mmoja. Nilitengeneza faili moja la ISO (nakala kamili ya diski) la harusi ile, nikaweka spidi 8x, kompyuta ileile, bila kazi nyingine inayoendelea.

Kwanza nikachukua DVD zilizobaki kwenye mkebe wa zamani, zenye jina lilelile juu. Zikachomeka safi na kucheza hadi mwisho. Nikachoma za mkebe mpya, zikaganda kwenye keki. Kisha nikabeba diski mpya hadi kwa mwenzangu mwenye studio ya picha, ambaye raita yake ni ya aina nyingine. Kwake pia zilichomwa bila ujumbe wa kosa, lakini tulipozisoma, kasi ilianguka kuelekea ukingoni na deki ikakwama. Mwisho nikachukua diski alizokuwa akitumia yeye, nikazichoma kwenye raita yangu, na zote zikawa nzuri.

Hapo raita yangu ikawa imeondolewa lawama. Mkebe mpya ulishindwa kwenye raita mbili tofauti, na raita yangu ilifaulu na diski za mikebe miwili mingine. Ungeishia kwenye nusu moja ya jaribio hilo ungebaki na dhana tu.

Jambo moja ambalo watu wengi hulipuuza: usisomee diski kwenye raita iliyoichoma ukaridhika. Raita ya kompyuta mara nyingi huvumilia makosa ambayo deki ya sebuleni haiyavumilii. Mimi husomea kwenye deki ya kawaida, na kwenye kompyuta nyingine nikipata. Baadhi ya raita zinaweza pia kuhesabu makosa kwa programu kama Nero DiscSpeed. Kwenye DVD, makosa ya kusoma yanayoitwa PI hayatakiwi kuzidi 280 katika kila mafungu manane ya data. Ukiona mchoro umetulia mwanzoni kisha unapanda ghafla mwishoni, ukingo ndio huo.

Lakini kwa nini jina lilikuwa lilelile na diski ni tofauti? Jibu lilikuwa ndani ya diski yenyewe. Kila DVD tupu ina msimbo wa mtengenezaji uliochapwa kiwandani. Ukiweka diski na kufungua ImgBurn, programu ya bure, utauona kwenye maelezo yaliyo upande wa kulia. Msimbo unaoanza na MCC asili yake ni Mitsubishi Chemical, TYG asili yake ni Taiyo Yuden, na viwanda vingine vina yao. Jina la juu ni la muuzaji, naye anaweza kununua leo kwa kiwanda hiki na kesho kwa kingine. Mkebe wangu wa zamani na mpya ulifanana kwa kila kitu isipokuwa msimbo. Hata huo si hati ya kiapo, maana wapo wanaoghushi misimbo ya viwanda vizuri.

Msimbo una kazi nyingine pia. Programu iliyomo ndani ya raita, yaani famwea, ina orodha ya misimbo na namna ya kuichoma kila diski: nguvu ya leza kiasi gani, mapigo ya urefu gani. Ikikutana na msimbo isioujua hutumia mpango wa jumla, na matokeo hubahatisha. Kwa hiyo diski nzuri na raita nzuri zinaweza kukataana. Nililiangalia hilo pia kwa kuweka famwea mpya, lakini mkebe ule haukubadilika. Nilijaribu na kushusha spidi hadi 4x, na kuganda kukasogea mbele kidogo tu. Simshauri mtu akimbilie spidi ya chini kabisa, kwa sababu diski zilizotengenezewa 16x zina rangi iliyopangiwa kasi, na wakati mwingine 8x hutoa kazi safi kuliko 4x.

Baadaye kiongozi wa kwaya moja aliniletea kesi ya kinyume. Raita yake ya nje ilikataa mwanzoni kabisa, kabla hata ya asilimia moja, ikitoa ujumbe wa kushindwa kupima nguvu ya leza. Kabla ya kuchoma, raita hufanya jaribio dogo karibu na katikati ya diski ili ijue itumie nguvu kiasi gani, na yake haikupata jibu. "Lakini CD inachoma vizuri, kaka," akaniambia. Hilo haliisafishi raita, kwa sababu CD hutumia leza ya nanomita 780 na DVD ya nanomita 650. Moja inaweza kufa na nyingine ikadumu. Kusoma DVD pia si ushahidi, maana kusoma huhitaji nguvu ndogo sana kuliko kuandika.

Tulisafisha lenzi, kwa maana vumbi la barabara zetu za murram huingia kila mahali. Tukaangalia umeme: raita ndogo za nje hutegemea USB, na tundu la USB 2.0 hutoa miliampia 500 tu, ambazo mara nyingine hazitoshi wakati wa kuandika. Tukatumia kebo ya vichwa viwili, bado. Diski zilezile zilizokataliwa kwake, za misimbo tofauti, zote zilichomeka kwangu. Akanunua raita nyingine.

Kuhusu DVD za kufutika na kurudiwa, zinafaa kwa jaribio la haraka bila kupoteza diski, lakini hutumia mchanganyiko wa metali badala ya rangi na huandikwa polepole zaidi. Zikifaulu, hujathibitisha kwamba za kawaida zitafaulu.

Nilirudi kwa muuza diski na DVD mbili, moja ya kila mkebe, na misimbo yake kwenye karatasi. Alitazama deki ikiganda mbele yake, akakubali kunibadilishia zilizobaki. Siku hizi mzigo ukifika kutoka Kampala huniita kwanza. Nasoma msimbo, nachoma diski moja hadi ijae, tunaitazama hadi mwisho, ndipo anafungua mikebe mingine.