Deksa ndo ile ya kunenepa?

Jumamosi nilikuwa shifti ya usiku ICU, wodi ya wagonjwa mahututi, mvua imepiga kweli huko ziwani, mara naona mama mmoja kasimama mlangoni, anauza dagaa pale Mwaloni Kirumba, mumewe tuna siku ya tatu naye, nimonia imeshika mapafu yote mawili mpaka kawekwa mashine ya kupumulia. Akaniuliza kwa sauti ya chini, eti nesi mwanangu, hiyo mnayomchoma baba yao si ndo ile deksa mabinti wanakunywa wanenepe?

Nikamwambia ndo hiyohiyo mama, deksamethasoni. Akashika kichwa.

Sasa nikaona nimweleze. Mapafu yakiumia hivyo vifuko vya hewa vinajaa maji, oksijeni haipiti vizuri, na mara nyingi anayeendelea kuharibu siyo bakteria tena, ni kinga ya mwili wenyewe. Nikamwambia mama wewe Msukuma sungusungu unawajua, wameitwa kukamata mwizi, mwizi kashakimbia zamani wao bado wanabomoa nyumba ya mwenye mji. Deksa ndo yule mzee anayekuja kuwaambia tulieni. Akacheka kidogo.

Ambacho sikumwambia ni kwamba steroidi, yaani dawa za jamii ya deksa zinazotuliza kinga, kwenye mapafu yaliyoumia hivi zimewagombanisha madaktari miaka mingi. 1987 Marekani walijaribu kumwaga nyingi kabisa, steroidi nyingine inaitwa methiliprednisoloni, miligramu 30 kwa kila kilo kila masaa sita, mara nne, haikuokoa mtu zaidi. 2006 ikaonekana ukija kuanza baada ya wiki mbili tangu mapafu yaumie ndo vifo vinaongezeka. Halafu 2020 Wahispania wakatoa utafiti wao, deksa miligramu 20 siku tano kisha 10 siku tano, vifo vikapungua, na mwaka huohuo Waingereza kwa wagonjwa wa korona wakatumia miligramu 6 tu kwa siku, isizidi siku 10, waliokuwa kwenye mashine vifo vikashuka toka 41 hivi kwa kila mia mpaka 29. Ila wale wasiohitaji hata oksijeni hawakufaidika na chochote.

Hapo ndo huwa napandwa na hasira, maana mtaani watu walisikia "deksa" wakaishia hapo. Mtu anakohoa siku mbili anakimbilia duka la dawa, anameza wiki tatu halafu anaacha ghafla, tezi zake zinazotengeneza steroidi ya mwili zimeshalala, anaanguka.

Na kuna hili la minyoo ambalo huku kwetu kwenye majaruba ya mpunga silipuuzi kabisa. Kuna mnyoo unaingilia kwenye nyayo za mtu anayetembea peku, unakaa tumboni miaka bila kelele (siyo kichocho jamani, kichocho ni mdudu mwingine na dawa nyingine), ukimpa steroidi kinga inalala wenyewe unazaliana unasambaa mwili mzima mpaka mapafuni. Huyu mzee kalima mpunga maisha yake yote, kwa hiyo daktari aliandika ivermektini, dawa ya mnyoo huo, mapema, ikapitia kwenye mpira wa tumboni.

Mama akasikiliza yote akanyamaza, halafu akauliza, sasa mbona hanenepi?

Saa kumi alfajiri nikapima sukari ya mzee, 17, imepanda sana, deksa hiyo, nikaanza kuhangaika na insulini. Mama kashasinzia kwenye benchi, kajifunika kitenge mpaka kichwani.