Katuni za bibi

Jana usiku mwanangu kaniuliza kwa nini katuni za bibi hazipo tena kwenye tivii. Ndivyo anavyoziita: Tom na Jerry, dubu Yogi, na ile familia ya zama za mawe inayoendesha gari kwa nguvu za miguu. Zamani king'amuzi chetu kilikuwa na Boomerang, chaneli ya katuni za zamani, na mtazamaji wake mkubwa humu ndani alikuwa mama yangu, akiwashinda watoto wote. Sasa haimo. Nikamjibu kwamba chaneli hubadilika, akaridhika, akalala. Mimi nimebaki na swali lake.

Mama ni mtu wa Wete, Pemba. Kasoma chuoni, kahitimu Kurani yake, skuli hakukaa sana. Kiingereza hakijui na hajawahi kukihitaji. Wakati wa alasiri, watoto wakishakwenda chuoni na nyumba imetulia, alikuwa akikaa mkekani na ungo wa mchele mapajani, mkono unachambua chuya, macho yako kwenye tivii. Tom akianza kumnyatia Jerry, mama huanza kucheka kabla pigo halijatua, maana keshaiona katuni ile na anajua pasi itamwangukia nani. Nikipita ataniita: "Njoo mwanangu, njoo ukae, hapa ndipo anapopatikana." Nakaa. Tunalitazama jambo tunalolijua sote wawili, na kicheko kinatoka kama ndiyo kwanza.

Wapo wanaosema chaneli ya marudio ni ya uvivu, kwamba watu wamekosa la kuonesha. Mimi siwezi kulikubali hilo, na sababu yangu ni marehemu bibi, mzaa mama. Hadithi zake zilikuwa za kuhesabika. Akisema "Paukwa!" tukaitikia "Pakawa!", tulikuwa tunajua tayari leo ni Sungura na Fisi au ni yule jini wa mbuyuni, na mara nyingi ni sisi tuliokuwa tumeiomba ile ile ya juzi. Akiruka kipande tunamrudisha. Chaneli ya katuni za zamani nilikuwa naiona kama baraza ya bibi, ambapo mzee na mtoto hucheka mahali pamoja kwa sababu wote wameshafika hapo kabla. Kwa mama na mwanangu, ambao wamepishana zaidi ya nusu karne, mahali kama hapo si pengi.

Nadhani wengi wanadhani katuni hizi ziliundwa kwa ajili ya watoto. Tom na Jerry walianza mwaka 1940 kwenye studio ya MGM, Marekani, mikononi mwa William Hanna na Joseph Barbera. Katika katuni ile ya kwanza paka hata hakuitwa Tom, aliitwa Jasper. Zilitengenezwa kwa majumba ya sinema. Zilikuwa na urefu wa dakika saba hivi, zikioneshwa kabla ya filamu kubwa, na ukumbini wamekaa watu wazima waliokata tiketi zao. Zikapata tuzo saba za Oscar. Kwa hiyo mtu mzima anayecheka mbele ya Tom na Jerry anacheka mahali palipokusudiwa acheke.

Na lugha hazihitaji. Aliyezifanyia muziki ni Scott Bradley, na yeye aliufuatisha muziki na mwendo wenyewe: paka akinyata ala zinanyata naye, akiteleza kwenye ngazi okestra nzima inaporomoka. Mama kalelewa na taarabu, anajua fidla inaposema jambo. Siku moja kaniambia niache kelele nisikilize, "wale wapiga fidla wanamsengenya paka." Nimesoma mambo kadhaa kuhusu muziki wa katuni, na sijakuta maelezo yaliyonikaa kama hayo.

Kuna jambo katika historia yao lililonisikitisha nilipolijua. Mwaka 1957 MGM iliifunga studio yake ya katuni, na chanzo kilikuwa marudio yenyewe. Walikuta kwamba katuni ya zamani ikirudishwa sinema inaingiza karibu fedha zile zile za katuni mpya, basi kwa nini waendelee kuwalipa wachoraji? Mimi niliye mpenzi wa marudio nimelazimika kulitafakari hilo. Kuwarudia wa kale ni jambo jema, lakini likigeuzwa kisingizio cha kutowalipa walio hai, hapo limeharibika.

Hanna na Barbera hawakukaa chini. Mwaka ule ule walifungua kampuni yao na kuhamia kwenye televisheni, ambako fedha zilikuwa kidogo mno ukilinganisha na sinema. Filamu hupita picha 24 kwa sekunde, kwa hiyo dakika saba ni zaidi ya picha elfu kumi. Kwa bajeti ya televisheni huwezi kuzichora kwa mkono kama zamani. Wakatafuta njia. Yogi kavishwa kola na tai ili kichwa kitenganike na kiwiliwili: mwili unabaki vile vile, kinachochorwa upya ni kichwa au mdomo tu. Na mandhari ya nyuma huzunguka. Mtu akikimbia ndani ya nyumba, dirisha, taa na meza vinapita, kisha dirisha lile lile, taa ile ile. Mwanangu aligundua mwenyewe, bila kuambiwa na mtu. "Mama, hii nyumba ina madirisha mangapi? Mbona yote sawa?" Nilifurahi sana siku ile. Mtoto aliyeona hivyo kaona kazi ya mikono ya watu, kajua kwamba katuni haikuota yenyewe. Katuni za familia ya mawe, The Flintstones, zilitengenezwa kwa njia hiyo kuanzia 1960 hadi 1966, zikawekwa usiku, saa za wakubwa.

Chaneli yenyewe ikaja baadaye, kwa hesabu za biashara. Ted Turner, tajiri wa televisheni wa Kimarekani, alipata hazina ya filamu za zamani za MGM mwaka 1986, na mwaka 1991 akainunua Hanna-Barbera. Akawa na katuni nyingi kuliko pa kuziweka. Tarehe 1 Oktoba 1992 ikaanza Cartoon Network, na mwanzoni ilikuwa karibu yote ni za kale. Zikatengenezwa mpya, zikapendwa, zikachukua nafasi. Za kale zikahamishiwa chaneli yao peke yake, Boomerang, tarehe 1 Aprili 2000. Nayo Boomerang kadiri miaka ilivyokwenda ikajazwa vipindi vipya, mpaka wazee wale wakawa wageni ndani ya nyumba waliyojengewa. Hilo ndilo jibu ambalo ningempa mwanangu kama angekuwa mkubwa kidogo: kila chaneli inayoanzishwa kwa ajili ya kukumbuka huja ikaona haya ya kukumbuka. Kule Marekani, tarehe 25 Juni 2024, imeanza nyingine iitwayo MeTV Toons, na nimependa kwamba watu wanaipata kwa antena ya kawaida, bure.

Sisi Pemba tulianza na kanda. Ami alikuwa akifanya kazi Muscat, na safari moja alirudi na deki na kanda chache, moja ya katuni. Wakati ule waya wa umeme kutoka Tanga haujafika, umefika 2010. Tulitegemea majenereta ya Wesha, na umeme ukikatika katikati ya katuni tulikuwa tukibishana gizani nani ataumizwa, ingawa sote tunajua. Kanda ile tuliiangalia mpaka rangi zikaanza kufifia pembeni.

Humo kwenye kanda ndimo nilimokutana na yule mama.

Alikuwa haonekani uso. Unaona miguu yake minene, viatu vya ndani, sketi na aproni, na ufagio unaomwangukia Tom. Ngozi yake nyeusi. Sisi watoto wa Wete tulimwita Bi Mkubwa. Hakuna aliyetueleza kwamba yule ni mtumishi wa nyumba ya watu wengine, na sisi wenyewe lisingetupitia akilini: mwanamke mweusi anayeamuru nyumbani, anayejua kilichovunjika na aliyekivunja, kwetu ndiye mwenye nyumba. Kila mmoja wetu alikuwa na bibi au shangazi wa namna hiyo.

Nilipokuwa mkubwa nikasoma habari zake. Sauti ilikuwa ya Lillian Randolph, mwigizaji mweusi. Umbo lenyewe lilitokana na sanamu ya dhihaka ambayo Wamarekani weupe walikuwa wameizoea: mtumishi mweusi, mnene, mwenye lafudhi ya kuchekesha. Jumuiya za Wamarekani weusi zililalamika, na baada ya 1952 hakutokea tena. Miaka ya 1960, katuni zilipokuwa zinakwenda televisheni, baadhi zilichorwa upya, miguu ikafanywa ya mwanamke mweupe mwenye lafudhi ya Ireland. Miaka ya 1990 sauti ya Randolph ikaondolewa katika nyingi, akawekwa Thea Vidale, asiye na lafudhi ile. Na kwenye televisheni mara nyingine kipande hukatwa kabisa.

Nimelifikiria sana hili, maana mwanangu ni mtoto mweusi anayezitazama katuni hizi akiwa na bibi yake. Naona yule mama wa ufagio aoneshwe kama alivyokuwa. Randolph aliifanya kazi ile kwa ustadi katika wakati ambao milango mingine alifungiwa, na kumfuta leo ni kumdhulumu mara ya pili. Lakini asioneshwe kimya kimya. Chaneli inayojiita mtunzaji wa vya kale ina wajibu wa kusema neno kabla, kwa lugha ambayo mtazamaji anaielewa, kwamba hapa kuna dharau na dharau hii ilikuwa na wenyewe. Chaneli ikinyamaza, mzazi aliseme.

Nilimweleza mama yote haya. Aliweka ungo chini, akafikiri, akasema: "Basi na wamuoneshe uso."

Tangu hapo nikiwaza marudio nayawaza ya kwetu. Unguja ilikuwa na televisheni ya rangi tangu mwanzoni mwa miaka ya 1970, na Tanzania Bara ikasubiri mpaka miaka ya 1990. Maana yake wazee wetu wamerekodiwa kwa rangi wakati wenzetu wa Bara hawana hata picha ya kijivu: wapiga taarabu, waigizaji, watoto waliokuwa wakiimba studio ambao leo wana wajukuu. Ningetamani ZBC, shirika letu la utangazaji la Zanzibar, itenge saa moja tu kila alasiri, saa ile ile ya mama na mchele, kwa vya zamani. Chaneli nzima haihitajiki. Kikundi cha taarabu cha Nadi Ikhwan Safaa kipo tangu 1905. Bi Kidude katutoka 2013. Mtoto wa leo anajua jina la Yogi na hajamuona Bi Kidude akiwa amejifunga ngoma kiunoni.

Na vya watoto vile vile. Mwanangu anaipenda Ubongo Kids, katuni ya Kiswahili iliyoanza Dar es Salaam mwaka 2014, inayofundisha hesabu kwa nyimbo. Anaziimba akioga. Hizo ndizo zitakazokuwa katuni za zamani yeye akiwa na watoto, na nataka aweze kuzikuta mahali, akae nao, awaambie "hapa ndipo anapopatikana."

Kanda haisubiri. Visiwa vyetu vina unyevu na chumvi. Utepe hunyonya maji, gundi yake huchuja, ukungu huota, na ukiutia kwenye deki mbovu unakatika au unabandukia kichwani. Nimempigia kaka simu leo asubuhi. Kule Wete, juu ya dari, liko sanduku la kanda: harusi, maulidi, ile ya ami. Nimemwambia azishushe, azikaushe kivulini, asiitie hata moja kwenye deki kabla fundi hajazitazama, kisha tuzihamishie kwenye kompyuta. Mama alikuwa anasikiliza mazungumzo kutoka jikoni. Kapaza sauti kwamba tukishafanikiwa, ya kwanza kuonesha iwe harusi ya shangazi, na katuni zifuate.