Goti linalouma usiku

Huku kwetu kila mwenye koti jeupe ni dokta, basi nami naitwa dokta, ingawa kazi yangu ni kupiga picha za eksirei. Majibu hutoa daktari mwenyewe. Ila ukishinda na mifupa ya watu mwaka hadi mwaka, jicho linazoea.

Goti la mzee halinishtui, mara nyingi limesagika tu. Ninaloliogopa ni la kijana wa miaka 14 au 15, anayerefuka kwa kasi, mama yake anasema aliumia mpirani. Ukidadisi, maumivu yanamwamsha usiku na uvimbe unazidi kila wiki. Osteosakoma, kansa inayoanzia kwenye mfupa wenyewe, hupenda hapo hapo: chini ya mfupa wa paja au juu ya muundi, mfupa unaporefukia. Mpira hauileti. Na wengi wanafika wameshachuliwa kwa mafuta ya moto. Jamani, mfupa ulioliwa ndani huvunjika kwa nguvu kidogo tu, acheni kuuchua.

Kwenye picha naangalia kwanza mpaka wa uvimbe. Usio kansa kwa kawaida una ukingo safi. Mbaya haueleweki unaishia wapi. Utando wa nje wa mfupa umenyanyuliwa, na pengine mfupa mpya umechomoza kwenye nyama kama miale ya jua. Sakoma ya Ewing, kansa nyingine ya mfupa, hupenda zaidi nyonga au katikati ya mfupa mrefu, na kwa kuwa huweza kuja na homa, hudhaniwa ni usaha wa mfupa. Picha haimalizi kesi. Lazima kinyama cha uvimbe kikapimwe maabara.

Si kila kinundu ni msiba, lakini. Kuna binti aliletwa na shangazi yake, shangazi analia tangu mlangoni. Picha ikaonyesha kinundu cha mfupa kimechomoza juu ya goti, kimelipa goti mgongo, mpaka wake safi kabisa. Daktari akasema ni osteokondroma, uvimbe wa mfupa usio kansa, ina kofia ya gegedu, na huacha kukua mtu anapoacha kurefuka. "Ikija kukua ukubwani, au ikianza kuuma, mrudi haraka." Shangazi akauliza kama anaweza kwenda kula sasa.

Kwa watu wazima hesabu ni nyingine: kansa ya mfupani mara nyingi imetoka kwingine, kama titi au tezi dume.

Swali ninaloulizwa sana na wazazi ni hili: "Dokta, linauma goti, picha ya kifua ya nini?" Ni kwa sababu osteosakoma ikihama hukimbilia zaidi mapafuni. Terry Fox, yule kijana wa Kanada, alikatwa mguu kwa kansa hiyo hiyo mwaka 1977 akiwa na miaka 18. Mwaka 1980 akaanza kukimbia kuvuka nchi yake kutoka mashariki kwenda magharibi kwa mguu wa bandia, akichangisha fedha za utafiti wa kansa. Alisimama njiani mwezi Septemba. Kifua kilikuwa kinamuuma, na kansa ilikuwa imeshafika mapafuni.