Mkutano wangu wa kwanza nilikuta kwaya

Jamani ngoja niandike kabla sijaahirisha tena. Kuna watu wananivuta pembeni, sauti ya chini kabisa kama tunauziana mali ya wizi, "eti we ile mikutano ya kuacha pombe uliipataje?" na kila nikieleza nasahau nusu.

Ukweli mara ya kwanza sikuipata. Nilitafuta kwenye simu usiku, nimelewa vizuri tu, nikaona ratiba ya vikundi vya AA (Alcoholics Anonymous, walevi wanaosaidiana wenyewe kwa wenyewe kuacha pombe), nikachagua cha karibu, kesho yake nikaoga nikavaa kama naenda kwenye usaili, nafika nakuta kwaya inafanya mazoezi. Mama mmoja akaniuliza kwa upole "unamtafuta nani?" nikasema hapana nimepotea, nikatoka, nikaenda moja kwa moja kunywa huku najiambia si nimejaribu, imeshindikana. Mlevi akipata kisingizio chenye ushahidi hakuna wa kumshika.

Kwa hiyo ratiba peke yake usiitegemee. Piga namba iliyoandikwa pale, uliza siku, saa, na mlango gani. Mi nilipiga baada ya kama wiki 2, ikaita nikakata, nikapiga tena. Aliyepokea hakuniuliza jina, hakuniuliza nakunywa kiasi gani, aliuliza tu kama leo nimekunywa, nikasema kidogo (uongo huo), akasema sawa njoo hivyo hivyo ukae usikilize. Halafu akauliza, ukikaa bila pombe huwa unatetemeka, unatoka jasho, unaona vitu ambavyo havipo? Hapo sauti yake ilibadilika. Na mimi nairudia kwa herufi kubwa: KAMA UMEKUNYWA SANA KILA SIKU KWA MUDA MREFU USIACHE GHAFLA PEKE YAKO, anza kwa daktari, mtu anaweza kuanguka degedege na anaweza kufa kabisa. Mkutano sio hospitali.

Kitu kingine kilichonichanganya ni mkutano wa wazi na mkutano wa kufungwa. Nilidhani wa kufungwa ni wa waliolipa ada. Kumbe wa wazi anaingia yeyote hata ndugu yako anayetaka kuelewa, wa kufungwa ni wa wenye shida yenyewe au wanaohisi wanayo. Ada hakuna. Sharti la AA ni moja, uwe unataka kuacha kunywa, basi. Kikapu kinapita, mwenye nacho anatia, asiye nacho anakisogeza kwa jirani na hakuna anayekutazama.

Siku hiyo nilikaa kiti cha mlangoni kabisa, mguu mmoja ndani mmoja nje. Wanaongea mmoja mmoja, hakuna anayemkatiza mwenzake, na hakuna anayekupa ushauri, hiyo ndo iliniduwaza maana mimi nilishazoea kusemwa, nyumbani nasemwa, kazini nasemwa, sasa nakuta mtu anaeleza alivyosahau mtoto shuleni kwa ajili ya chupa na watu wanaitikia asante tu, anapokea mwingine. Zamu yangu ilipofika nikasema leo nasikiliza. Asante. Nilisema hivyo mikutano kama mitano mfululizo.

Ila kile kikundi hakikunikaa, niwe mkweli. Wazee watupu wana miaka 20, 25 bila tone na mimi naomba tu jioni ifike. Na habari za Mungu kwenye zile hatua 12 ambazo AA inakufundisha kuzifuata ili uache, wanasema ni Mungu kwa jinsi wewe mwenyewe unavyomwelewa, lakini siku hizo sikutaka kumwelewa kwa jinsi yoyote ile. Nusura niache. Sponsa wangu, yaani mwanachama aliyetangulia kuacha ambaye ndo ananishika mkono (wakati huo hajawa sponsa, alikuwa mtu tu anayenipa lifti) akaniambia kikundi kimoja sio AA yote, zunguka hata vitano ndo uhukumu. Cha tatu ndo nikatulia. Kuna vya wanawake peke yao, vya vijana, vya mtandaoni ukiwa hutaki kuonekana, na nje ya AA kuna SMART Recovery tangu 1994, wale hawana hatua 12 wala mambo ya nguvu iliyo juu yako. Usirudi kwenye chupa kwa sababu tu umegombana na sala.

Na kama we ni mbishi kama mimi unataka ushahidi, upo uchambuzi wa 2020 wa Cochrane, wale watafiti wanaokusanya na kupima tafiti za afya, tafiti 27, watu zaidi ya elfu 10, ukaona AA na tiba zinazompeleka mtu AA zinafanya vizuri kuliko tiba nyingine kwenye kumfanya mtu akae bila kunywa kabisa. Sio dawa ya uchawi, mi nimeteleza mara 2 katikati.

Kilichonishika sio hotuba, ni namba za simu mnazopeana mkishatoka nje. Hata AA yenyewe ilizaliwa na simu, 1935 kule Akron, Marekani, mwanzilishi wake Bill Wilson yuko hotelini, biashara imemharibikia, ana miezi michache tu hajanywa na baa iko hapo hapo, akaanza kupiga simu atafutiwe mlevi mwenzake wa kuongea naye. Akapatikana daktari Bob Smith, akakubali dakika 15 tu, wakakaa masaa. Mimi yangu ilikuwa saa 5 usiku, sponsa alipokea anapiga miayo, tukaongelea mpira mpaka hamu ikapita.

Halafu kile kikundi cha siku ya kwaya nilikuja kukipata. Walihamia chumba cha nyuma, jengo lile lile, na yule mama wa kwaya ndo anakaa na funguo zao. Ratiba ya kwenye simu hadi leo haijarekebishwa, nimeshawaambia mara 3.