Skafu: vitanzi 40 vimebaki 40!

Najifunza kufuma skafu kwa sindano mbili, na vitanzi, yaani yale macho ya uzi yanayokaa kwenye sindano, havitakiwi kuongezeka toka mstari wa kwanza hadi wa mwisho. Jana usiku saa nne nimehesabu mara tatu. Arobaini. Mstari wa 60 na vitanzi bado arobaini, nikamwamsha wife aje ahesabu na yeye, akahesabu, akasema "arobaini, haya lala", akageukia ukutani. Hajui huo usiku una maana gani kwangu.

Kwa mliokuwepo toka mwanzo mnakumbuka ile ya kwanza, nilianza na 40 nikafika 57, skafu chini nyembamba juu imetanuka kama sketi ya marinda. Nikafumua. Ya pili nikafika 49, nikafumua tena, uzi ukaanza kutoa manyoya.

Nilianza kulaumu sindano. Zile za spoku za baiskeli alizonisagia fundi niliziacha mapema, spoku ni milimita 2 hivi, kwa uzi mnene utakonda bure. Nikanunua namba 8 dukani, kumbe maelekezo niliyokuwa nafuata ni ya Marekani na 8 yao ni milimita 5, yangu ni ile namba ya zamani ya Uingereza ambayo 8 ni milimita 4, halafu inaenda kinyumenyume, namba ikipanda sindano inakonda, 10 ni 3.25! Nani alikaa akapanga hivi? Siku hizi namba sisomi kabisa, nasoma milimita tu. Ndo maana kitambaa kilikuwa kigumu kama mkeka, lakini vitanzi kuongezeka ilikuwa kesi nyingine.

Nikalaumu uzi. Hapa nakubali kosa, kujifunza na uzi mweusi usiku kwenye taa ya sola ni kujitesa, kitanzi hukioni unachoma tu kwa imani. Nikahamia uzi wa akriliki, ule usio wa sufu, wa rangi ya maziwa. Nikafika 46.

Jumapili nikambebea bibi, yeye amefuma masweta hapa Njombe toka mama yangu hajaolewa. Hakushika hata sindano, akaniangalia nikigeuza mstari akacheka.

"Mjukuu wangu, huo uzi mbona unaupandisha?"

"Bibi, si unakaa nyuma?"

"Nyuma ndiyo, lakini umeupitisha juu ya sindano. Ushushe chini kwanza."

Jamani. Yaani kila nikigeuza, uzi nilikuwa nauvuta juu ya sindano kwenda nyuma, kile kitanzi cha kwanza kinavutika kinaonyesha miguu miwili, mi naona vitanzi viwili navifuma vyote. Kimoja kinazaliwa hapohapo pembeni. Na kwenye ule ufumaji wa kuvutika kama wa pindo za mikono ya sweta, kimoja uzi nyuma kimoja uzi mbele, nikihamisha uzi nilikuwa naupitisha juu ya sindano badala ya katikati ya sindano mbili, ndo yale matundu niliyokuwa nawaambia watu ni mapambo.

Sasa hivi kila mwisho wa mstari nashusha uzi chini, nauangalia, ndo naanza. Na nimefunga kiuzi chekundu kila baada ya vitanzi 10 ili kosa lisisafiri.

Sindano za mianzi alizonitumia dada toka Dar nazisifia sana, zile za aluminiamu zinateleza, ukikohoa vitanzi sita vimetoka. Bibi anasema mianzi ni ya wavivu. Sawa, mi mvivu.

Plani ilikuwa wiki hii nianze kofia ya mtoto wa kaka maana Juni hiyo inakuja na baridi la hapa mnalijua. Ila jana mnadani nimeona sweta la mtumba la sufu kabisa, pana, bei ya soda mbili, nikaligeuza ndani kuangalia mishono ya ubavuni: haijakatwa na overloki, ile cherehani inayokata ukingo huku inashona, imeunganishwa kwa uzi tu, maana yake likifumuliwa uzi unatoka mrefu, sio vipande vipande. Usiku nimefumua mkono mmoja. Uzi umejikunja kama maandazi ya kusokota, nimeuzungushia mgongoni mwa kiti, nikaufunga sehemu nne, nikauloweka, sasa unaning'inia kwenye kamba ya nguo na chupa ya maji chini yake iuvute.

Kofia itasubiri. Bado mkono wa pili, mgongo na kifua.